Ganda la Chungwa Mfukoni

Kila Jumapili, misa ikiisha, simu ya Paskazia ilikuwa inaita. Alikuwa ni mama yake, Bernadeta, anapiga kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe. Habari zilikuwa zile zile. Mvua imenyesha, au haijanyesha. Mihogo imeota. Kuku mwekundu ameatamia. Mwishoni mama aliuliza swali ambalo Paskazia alilijua hata kabla halijatoka.

"Utakuja lini, mwanangu?"

"Karibuni, mama."

"Karibuni ni lini?"

Hapo Paskazia alisingizia mtandao. "Haloo? Mama? Sikusikii!" Kumbe alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Alikata simu, akakaa ameishika mkononi, akitazama upande ambako ziwa lipo. Kutoka Buswelu, pembeni mwa jiji la Mwanza, ziwa halionekani, lakini yeye aliutazama upande huo kila siku.

Paskazia alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye kibaraza cha nyumba yake, na mume wake Mayala alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Walikuwa na mtoto mmoja, Gladness, wa miaka miwili na kitu. Nyumba ilikuwa na amani na chakula. Kilichokosekana kilikuwa ng'ambo ya maji.

Miaka mitatu nyuma, Paskazia alitoka Ukerewe kwa mtumbwi wa injini. Meli ilikuwa imekwisha ondoka, naye alikuwa na haraka. Katikati ya ziwa injini ilizima. Upepo ukapanda. Maji yakaingia, watu wakayachota kwa ndoo na masufuria, na wengine wakaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti za kulia. Hakuna aliyevaa boya. Wote walifika salama, namshukuru Mungu hata mimi ninayesimulia. Lakini tangu siku hiyo Paskazia hakuvuka tena.

Si kwamba hakujaribu. Mara mbili alikwenda bandarini na begi lake. Mara zote mbili, meli ilipopiga honi, moyo wake ulidunda, jasho likamtoka, na miguu ikawa mizito mpaka akashindwa kuinua hata mmoja. Alirudi nyumbani. Wapo waliomshauri azunguke kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya. Ni kweli, njia hiyo ina maji machache. Lakini kisiwa ni kisiwa, na mwisho wa safari lazima uvuke.

Gladness alizaliwa baada ya hapo. Bibi yake alimjua kwa sauti ya simu tu. Mayala alijitolea kumpeleka, Paskazia akakataa. "Mwanangu havuki bila mimi." Bibi naye hakuja, maana kwa desturi yao mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Basi kila mtu alibaki upande wake, na hamu ikakaa katikati.

Lakini mama hakukaa bure. Kila wiki alituma kikapu cha machungwa kutoka kwenye miti yake. Alikileta Evelina, mfanyabiashara wa dagaa ambaye huenda Nansio na kurudi. Kikapu kikifika, Paskazia hakukiingiza ndani. Alikifungulia pale pale mlangoni, akayagawa machungwa yote kwa majirani, asibakize hata moja.

"Mama Gladness ana mkono wazi!" majirani walisifu, huku wakimenya.

Hawakujua. Ule haukuwa mkono wazi. Paskazia aliogopa ile harufu. Alikuwa akiinusa tu, anauona ua wa nyumbani kwao, anamwona mama ameshika ufagio, na kifua kinambana. Aliona heri asiinuse.

Alhamisi moja Evelina alifika na kikapu, lakini hakuondoka upesi kama kawaida yake. Alivuta kigoda akaketi.

"Mama yako alianguka juzi," alisema. "Hakuumia sana. Alikanyaga jembe, hakuliona. Macho yake yamefunga, Paskazia. Siku hizi ananijua kwa sauti."

"Hakuniambia!"

"Angekuambia nini, na wewe mtandao wako mbovu kila Jumapili?"

Paskazia aliinamisha uso.

"Daktari amesema ni mtoto wa jicho," Evelina aliendelea. "Anatakiwa aje hospitali hapa Mwanza afanyiwe upasuaji. Nimemwambia nitamleta mimi. Amekataa. Anasema hashikwi mkono na mtu mwingine kwenda kupasuliwa jicho. Anakungoja wewe."

Evelina alipoondoka, machungwa yalibaki mlangoni bila kugawiwa. Gladness alipindua kopo la vifungo, vikatawanyika kibarazani. Paskazia alimfokea kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Mtoto hakulia. Alikwenda kujificha nyuma ya mlango, kimya, kama aliyezoea. Kumwona vile kulimwuma Paskazia kuliko habari zote za siku hiyo.

Jirani yake, Dorcas, alikuwa anaanua nguo. Dorcas alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, mwanamke wa makamo, mpenda utani. Aliyasikia yote, maana ukuta wa Buswelu hauna siri. Alikuja akaokota vifungo.

"Shikamoo, dada Dorcas."

"Marahaba. Haya, leo umegombana na vifungo?"

Paskazia alitaka kucheka, akalia. Alimweleza yote: mtumbwi, honi, miguu mizito, macho ya mama. Alisema kwamba siku hizi hata mteja akipaza sauti, au uji ukifurika jikoni, moyo unamdunda vile vile kama yuko ziwani.

"Huo ni msongo," alisema Dorcas. "Sikiliza. Mwilini mwako kuna mlinzi. Yeye mwenyewe haoni wala hasikii. Anategemea habari zinazopita kwenye milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Siku ile alipata habari ya hatari, akapiga filimbi. Alifanya vizuri. Shida ni kwamba hajaacha kupiga mpaka leo."

"Basi nimfukuze."

"Ukimfukuza nani atakulinda? Mpelekee habari nyingine kwa milango ile ile. Habari ya kweli, kwamba hapa ulipo, sasa hivi, uko salama. Ukimtuliza mapema, anatulia upesi. Ukimngoja apige filimbi kijiji kizima, utachelewa."

"Wewe unafanyaje?"

"Mimi? Kazini mgonjwa akinitukana, naenda kunawa mikono, naimba wimbo wa kwaya polepole. Nikirudi, nimekuwa mtu tena."

Mayala naye alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani. "Mimi najimwagia maji baridi shingoni," alisema. "Yanashusha hasira hapo hapo."

Paskazia aliyajaribu yote mawili. Kesho yake, alipopanga foleni ya maji na mwanamke mmoja akampita mbele, alianza kuimba taratibu. Alipofika ubeti wa pili akajikuta anatetemeka. Watu waliimba hivyo hivyo ndani ya mtumbwi. Akajaribu maji baridi. Yalipomgusa tu shingoni, akaona mawimbi. Alimwita Dorcas kibarazani kwake, amekata tamaa.

"Kwangu milango yote imefungwa," alisema.

"Kila ndege huruka na ubawa wake," alijibu Dorcas. "Dawa yangu si lazima iwe yako. Tena wako watu ambao msongo ukiwapata wanawaka kama moto. Hao hutulizwa na vitu vya taratibu. Wewe unaganda. Anayeganda aanze kwa kuuamsha mwili. Kanyaga chini kwa nguvu, kushoto, kulia. Sugua viganja. Kisha tafuta kitu kimoja cha kuona, kunusa au kuonja ambacho moyo wako unakipenda. Unapenda nini?"

Dorcas alipenda kula, na kikapu kilikuwa bado pale mlangoni. Alichukua chungwa, akalimenya kwa kucha. Ganda lilirusha unyevu wake hewani, na harufu ikajaa kibaraza kizima.

Paskazia alitaka kuondoka. Hakuondoka. Machozi yalimshuka. Alimwona mama, aliuona ufagio, aliiona miti. Kifua kilimbana. Kisha, bila yeye kukiambia, kikafunguka. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Umeona mabega yako?" Dorcas alimwuliza.

"Yana nini?"

"Yameshuka. Tangu nimekufahamu yako masikioni."

"Lakini inauma, dada. Inanikumbusha mama."

"Inauma kwa sababu unampenda. Hamu si hofu, mama Gladness. Wewe umeyafungia nje yote mawili kwa kufuli moja. Hamu iache iingie."

Jioni ile Paskazia alikula machungwa manne, moja baada ya jingine, juisi ikimtiririka mpaka kwenye viwiko. Gladness alikula naye. Ganda moja Paskazia alilitia kwenye mfuko wa aproni yake.

Alianza na mambo madogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mteja mmoja alikuja mbio na sare ya kamati ya harusi, akafoka kwamba imembana na sherehe ni kesho. Mlinzi akapiga filimbi. Paskazia alikanyaga pedeli ya cherehani bila uzi, taratibu, kushoto, kulia. Alilikunja ganda mfukoni, akapitisha vidole puani kama anayejifuta. Hakuna aliyejua.

"Geuka, dada," alisema kwa sauti ya kawaida. "Nimeacha kitambaa cha kutosha ubavuni. Nafungua mshono sasa hivi."

Siku nyingine uji ulifurika, simu ikaita na mtoto akalia, vyote kwa pamoja. Alisimama kidogo, akausikiliza mguu wake ulivyogusa sakafu ya baridi, akanusa ganda, akaanza na moto. Siku nyingine alisahau, akafoka. Mazoea hayajengwi kwa siku moja. Lakini siku Gladness alipomwaga tena kopo la vifungo, alimtazama mama yake usoni kwanza. Halafu hakwenda nyuma ya mlango. Alikaa chini akaanza kuokota. Paskazia aliinama akaokota naye.

Dorcas alimpa tahadhari moja. "Hii si ya kumziba mlinzi mdomo kwenye hatari ya kweli. Ziwa ni ziwa. Panda meli, usipande mtumbwi uliojaa. Vaa boya au ujue lilipo. Upepo ukiwa mbaya, ahirisha. Na kama hofu itakataa kabisa kutoka, njoo kituoni. Kuna washauri, na si aibu."

Wiki iliyofuata Paskazia alikwenda bandarini kupokea kikapu mwenyewe. Evelina alishangaa mpaka akasahau kusalimia. Paskazia alikaa kwenye benchi akaingoja honi. Ilipolia, alikanyaga chini, akanusa, akakaa. Meli iliondoka bila yeye, lakini safari hii hakukimbia. Aliitazama mpaka ikawa ndogo, na kwa mara ya kwanza alichosikia kifuani kilikuwa hamu tupu. Alitamani kuwa ndani yake.

Jumamosi moja alirudi na begi, na Gladness mgongoni. Mayala aliwasindikiza.

"Nije nanyi?"

"Ukija utanibeba, baba Gladness. Nataka nitembee."

Honi ikalia. Sakafu ya meli ikatetemeka, na miguu ya Paskazia ikaganda. Mlinzi alipiga filimbi kwa nguvu zote. Alikanyaga. Kushoto, kulia. Abiria mmoja alimtazama kwa mshangao, naye hakujali. Alimshusha mtoto, akamshika mkono mdogo wenye joto.

"Gladness, unaona nini?"

"Ndege."

"Wa rangi gani?"

"Nyeupe. Jiwe. Jiwe kubwa! Baba kule!"

Paskazia alitazama kila kilichotajwa. Ndege mweupe. Mawe ya Bismarck, yamekaa majini kama kila siku. Mayala, amevua miwani ya kuchomelea anaipunga hewani. Alilikunja ganda, likatoa harufu. Hofu haikushuka melini. Ilikaa kando yake kwenye benchi, lakini ilimwachia nafasi.

Katikati ya ziwa upepo ulivuma na matone yakampiga shavuni. Akafumba macho, moyo ukadunda. Alitia kipande cha chungwa mdomoni. Kilikuwa kichachu mno, uso wote ukajikunja, na Gladness akamcheka. Ukicheka na mtoto, huwezi kuganda. Alifumbua macho. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Kisiwa kilikuwa kimeanza kuonekana.

Mama yake alikuwa ameketi karibu na gati la Nansio, Evelina kando yake. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Uso wake ulielekea upande usio wa meli. Paskazia alishuka, akasimama mbele yake. Miaka mitatu ilikuwa imemfanya mama kuwa mdogo.

"Shikamoo, mama."

Mama aligeukia sauti ile. Alinyoosha mikono akaitafuta ya mwanawe. Alipoipata aliivuta puani, akanusa.

"Umemenya chungwa langu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Evelina aliniambia unayagawa yote mlangoni. Nikasema, basi, hayapendi tena."

"Sikuyachukia, mama!" Paskazia alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Nilikuwa nikiyanusa nakukumbuka mpaka naumia."

"Na mimi nilituma ili unikumbuke," mama alisema. "Kwani nilituma kwa ajili ya nini kingine?"

Wakalia wote wawili, bila kuona haya, watu wakiwapita na mizigo yao. Gladness alivuta kitenge cha bibi yake ili aonekane. Bibi alimshika kichwa, akamshika mabega, akamshika miguu. "Nawe ndiye unayepiga kelele kwenye simu," alisema.

Walivuka wote pamoja kurudi Mwanza. Suala la kulala lilikwisha upesi, maana Dorcas alikuwa na chumba, na desturi haikusema lolote kuhusu nyumba ya jirani. Mayala alimwamkia mama mkwe wake akiwa nje ya ua, kwa heshima zote, akaingia kwake kimyakimya huku anachekelea.

Asubuhi ya upasuaji, kwenye benchi la hospitali, mikono ya mama ilikuwa ya baridi na inatetemeka. Paskazia alimweleza habari za mlinzi na milango. Kisha akatoa ganda mfukoni, akalisogeza puani pake.

"Toa hilo," mama alisema. "Machungwa mimi nayaokota kila siku mpaka nayachoka. Nipe mtoto."

Gladness aliwekwa mapajani pake. Mama alimsugua kisigino polepole kwa kidole gumba, akasikiliza pumzi zake. Taratibu mikono ikaacha kutetemeka. Muuguzi alipoita jina la Bernadeta, alimrudisha mtoto kwa mama yake, akasema, "Haya, twende wanione." Paskazia alimshika mkono hadi mlangoni.

Bandeji ilipoondolewa, mama alipepesa jicho kwa muda. Aliona dirisha. Alimwona Paskazia, akamwambia amekonda. Kisha alimtazama Gladness, akamtazama sana, mpaka mtoto akaona aibu.

"Kumbe pua yangu mliificha huku," alisema.

Mama alikaa kwa Dorcas hadi daktari alipomruhusu, akarudi kwenye miti yake. Hamu ilirudi pia. Nisikudanganye kwamba iliisha. Paskazia bado anatazama upande ambako ziwa lipo, na ganda bado liko kwenye mfuko wa aproni.

Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, simu iliita. Mvua ilikuwa imenyesha. Kuku mwekundu alikuwa ametotoa, na mama alikuwa amevihesabu vifaranga vyote kwa jicho lake mwenyewe.

"Utakuja lini, mwanangu?"

"Jumamosi, mama."

Lile swali la pili halikuja.

"Basi wiki hii situmi kikapu," mama alisema. "Uje uchume mwenyewe."